Notho wa Unguja: mayai yasiyoanguliwa, vifaranga wasioinuka na shida nyingine za samaki wa dimbwi

Kabla hujatia dawa, hujabadili maji wala hujatupa mfuko wa mayai, jiulize swali moja: huko bondeni, dimbwi lake lingekuwa limefikia wapi sasa hivi? Limejaa? Linapungua? Au limekauka na udongo umepasuka?

Nimefuga Nothobranchius guentheri kwa miaka kadhaa, na karibu kila shida niliyokutana nayo ilitokana na kumfuga kana kwamba ni samaki wa mto. Huyu ni samaki mdogo wa Unguja, dume mkubwa hufika kama sentimita 5, na duniani kote kisiwa hicho ndicho kwao. Georg Pfeffer alimpa jina la kisayansi mwaka 1893, jina linalomuenzi Albert Günther. Wafugaji humwita notho, nami nitamwita hivyohivyo. Masika yakishuka kati ya Machi na Mei, au vuli kuanzia Oktoba, mashimo ya udongo wa kinamo hujaa, na mitaro na mabonde ya mpunga vilevile. Maji huwa na rangi ya chai ya maziwa, kimo chake mara nyingi hakipiti goti. Ndani yake dume ana mkia mwekundu wenye ukingo mweusi na mwili wa buluu inayoelekea kijani, kila gamba limetiwa mstari mwekundu. Jike ni wa rangi ya vumbi, na kwa mwewe au korongo anayetazama kutoka juu, vumbi ndilo vazi salama. Wanataga kwenye tope, mvua zinakatika, dimbwi linakauka, wazazi wanakufa wote. Kinachobaki ni mayai ardhini yakingoja mvua.

Jamii ya Nothobranchius ina spishi zaidi ya 80, kuanzia Sudan hadi Afrika Kusini, na Tanzania ndiyo yenye nyingi kuliko nchi yoyote. Kisiwani Mafia yupo N. korthausae. Ukanda wa Tanga na kusini mwa Kenya kuna N. palmqvisti. Nitakayoeleza hapa yanawafaa wengi wa pwani, ila siku za mayai hutofautiana.

Umemimina maji, mayai hayaanguliwi

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitalikalia.

Usimimine maji kwa kuhesabu siku peke yake. Fungua mfuko wa usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi walimotaga na ambamo mayai huhifadhiwa, chagua mayai matano au sita, yaweke kwenye kiganja chenye unyevu. Yai lina kipenyo cha kama milimita 1, karibu sawa na punje ya ulezi. Washa tochi ya simu pembeni, usimulike kutoka juu, kisha tazama kwa kioo cha kukuzia. Utaona moja kati ya haya.

Yai likiwa wazi kama tone la asali na ndani huoni umbo lolote, bado limelala. Mwaka 1972 John Wourms, akichunguza samaki wa msimu wa Amerika Kusini, alieleza vituo vitatu ambapo kifaranga anayeumbika ndani ya yai anaweza kusimamisha ukuaji. Hali hiyo huitwa dayapozi, na notho wetu wana vituo hivyohivyo. Cha kwanza huja mapema, wakati chembe zimetawanyika juu ya kiini na mwili haujaanza kuumbika. Cha pili huja mwili ukiwa uzi mwembamba na moyo umekwisha kuanza kazi. Cha tatu ni kifaranga kamili, amejikunja ndani ya ganda, macho tayari, akingoja maji. Yai linaweza kuruka kituo au kukaa hapo miezi, kutegemea joto, hewa na lilivyozaliwa.

Kwa hiyo mayai yaliyo wazi baada ya miezi mitatu hayajafa. Angalia mambo mawili. La kwanza ni joto. Kwenye nyuzi 24 hivi, mayai ya notho wa Unguja huhitaji kama wiki 10 hadi 14. Kwenye chumba chenye kiyoyozi hukawia, na kwenye joto la Dar es Salaam la Januari huenda mbio, hivyo anza kuyakagua tangu wiki ya saba. La pili ni hewa. Mfuko uliofungwa ukiwa na maji mengi hunyima mayai oksijeni, nayo yanabaki kituo cha kwanza, kama yangebaki chini ya tope ambalo bado lina maji juu yake. Kwa yai, dimbwi halijakauka, kwa nini lianze safari? Toa usumba, ukamue, utandaze juu ya gazeti kwa saa chache, urudishe mfukoni ukiwa na nafasi ya hewa, kisha uweke mahali penye joto la kadiri. Wiki tatu baadaye kagua tena.

Ukiona duara mbili ndogo za dhahabu zinakutazama, hayo ni macho, na mayai yako tayari. Kama ulimimina maji na bado hayakuanguliwa, basi yamekosa ishara. Na ishara yenyewe ni kinyume cha watu wanavyodhani. Kifaranga aliye tayari huchochewa kutoka na upungufu wa oksijeni, si wingi wake. Mvua ya kwanza ikijaza shimo lenye majani makavu na kinyesi cha ng'ombe, bakteria hula na kumaliza hewa haraka, na kifaranga ndani ya ganda anajua kwamba maji yamefika kwelikweli. Ndiyo maana kupuliza hewa kwa pampu kwenye chombo cha kuangulia kunarudisha nyuma kazi. Weka usumba kwenye bakuli, mimina maji ya baridi kidogo, nyuzi 18 hadi 20, nyunyiza chakula kikavu kilichosagwa, kiasi cha ncha ya kisu, uache. Mayai yakizidi kukaidi, yatie kwenye chupa ndogo yenye maji, funga kifuniko, weka mfukoni mwa shati utembee nayo kwa nusu saa. Nimeona mayai yaliyogoma siku nzima yakipasuka kabla sijafika dukani na kurudi. Ukishaona wa kwanza wametoka, wahamishie kwenye maji safi.

Wakianguliwa theluthi moja tu na wengine wakabaki, hapana ubaya wowote. Vuli hudanganya. Mvua ya siku mbili inaweza kujaza shimo halafu jua likalikausha ndani ya wiki, na waliotoka wote wakafa. Mama mmoja hutaga mayai ya mwendo tofauti ili mvua ya uongo isimalize kizazi. Kamua usumba, ukaushe tena, hifadhi mwezi mmoja au miwili, mimina maji upya. Nina mfuko uliowahi kunipa vifaranga mara tatu.

Yai lililobonyea kama mpira uliotoka upepo limekauka mno. Likiwa limebonyea kidogo, nyunyizia maji na huenda likarudi. Likiwa jeupe kama chaki, limekufa. Litoe.

Vifaranga wametoka lakini wanatambaa chini

Unawaona wanaruka kama chura, wanainuka sentimita moja, wanaanguka tena. Tumbo linaburuzika. Kibofu chao cha hewa hakikujaa, na kikishapita siku za mwanzo bila kujaa hakijai tena.

Sababu kubwa ni kumimina maji kabla ya wakati au baada ya wakati. Kifaranga aliyelazimishwa kutoka mapema hajakomaa. Aliyengojeshwa kupita kiasi amekula akiba yote ya kiini akiwa ndani ya ganda, na nguvu za kupanda juu kuchukua hewa hana. Rudi kwenye macho ya dhahabu: yakionekana kwenye mayai mengi, usiahirishe hadi likizo.

Sababu ya pili ni kimo cha maji. Wengi hujaza bakuli. Dimbwi linapoanza kujaa, maji ya ukingoni ni ya vidole viwili vitatu, na ndipo vifaranga hukaa. Wape sentimita 3 hadi 5, basi. Utando wa mafuta juu ya maji nao huwazuia. Pitisha karatasi juu juu kuuondoa.

Wanaotambaa wakiwa mmoja katika kumi, ni kawaida. Wakiwa nusu, wewe na kalenda yako ndio wa kuulizwa. Usiwafuge hao kwa ajili ya uzazi.

Na wale walioinuka wanahitaji kula siku hiyohiyo. Artemia wachanga, wale vijidudu vya maji ya chumvi wanaoanguliwa kwa saa 24 hadi 36 kwenye maji yenye gramu 25 hadi 30 za chumvi kwa lita, ndio chakula bora. Waanzishe siku moja kabla ya kumimina maji kwenye usumba. Suuza kwa maji matamu kabla ya kulisha. Tumbo la kifaranga aliyeshiba huonekana la rangi ya chungwa, hata kwa jicho tupu. Ukikosa rangi hiyo saa moja baada ya kulisha, hawajala. Wanakua kwa kasi ya kutisha kwa sababu dimbwi halina muda: binamu yao wa Msumbiji na Zimbabwe, N. furzeri, ameonekana porini akikomaa na kutaga siku 14 baada ya kuanguliwa. Hivyo walishe mara mbili au tatu kwa siku, na maji badilisha kidogo kila siku, maana wanakula sana na kuchafua sana.

Samaki anajisugua, mapezi amebana, ana vumbi la dhahabu

Zima taa. Mmulike tochi kutoka upande wa kichwa. Ukiona ngozi inang'aa unga laini kama wa manjano, hasa shingoni na mgongoni, ni Piscinoodinium, kimelea cha chembe moja kinachoingia kwenye ngozi na matamvua. Notho ndiye anayekamatwa upesi kuliko samaki wengi, na vifaranga hufa kabla hujaona unga wenyewe. Unachoona ni kuhema haraka na kupungua idadi asubuhi.

Hapa nina uchungu wa kweli. Nilipoteza kizazi kizima cha madume 11 na majike 14 kwa sababu nilitia kwenye tangi nyasi za maji nilizonunua mahali, bila kuzitenga. Siku nane zilitosha.

Kinga ni chumvi. Kijiko kimoja cha chai kilicho sawasawa, kama gramu 5, kwa kila lita 5 za maji, daima, tangu siku ya kuanguliwa. Chumvi ya kawaida ya mawe inafaa. Ugonjwa ukishaingia, panda taratibu kwa siku mbili hadi gramu 2 au 3 kwa lita, ongeza joto hadi nyuzi 27 au 28, na funika tangi kwa kitambaa kizito lisipate mwanga, kwa sababu kimelea hiki kina klorofili na hujisaidia kwa mwanga. Endelea siku 10 hata kama unga umetoweka siku ya nne, maana kuna kizazi kilichojificha sakafuni. Dawa zenye shaba zinaua kimelea, lakini zikizidi kidogo zinaua na samaki. Asiye na kipimo cha shaba asiziguse. Kumbuka kila unapobadili maji kurudisha chumvi ya kiasi ulichotoa tu. Chumvi haipotei hewani pamoja na maji yanayokauka, na wanaofidia maji yaliyokauka kwa maji ya chumvi hujikuta na bahari ndogo.

Kama anajisugua lakini hana unga, angalia maji. Tangi jipya lina amonia na naitraiti. Maji ya bomba yana klorini, yaache wazi kwa siku moja yakiwa na hewa inayobubujika. Maji magumu ya visima vya matumbawe hayamdhuru notho wa Unguja.

Wanapandana, lakini usumba hauna mayai

Kwanza hakikisha unajua unachotafuta. Dume humfuata jike kwa ubavu, humfunika kwa pezi la mgongo, wote wawili wanatetemeka, wanasukuma tumbo kwenye usumba, na yai moja hutoka. Moja tu. Kisha wanarudia. Ukichambua usumba ukitarajia kishada cha mayai utakosa. Yametawanyika, na yana rangi ya usumba. Uache ukauke kidogo, uubomoe kwa vidole juu ya sahani nyeupe.

Kama kweli hayapo, tazama matumbo ya majike. Jike anayelishwa chakula kikavu cha kopo peke yake hana mayai. Huko dimbwini anakula viroboto wa maji, vijidudu vingine wenye magamba, na wadudu. Mpe viluwiluwi vya mbu kwa siku tano na utaona tumbo linajaa. Chota viluwiluwi kwenye maji ya mvua ya ndoo yako mwenyewe, uvihesabu kwa kadiri ya watakavyomaliza, kwani vinavyobaki vitakuwa mbu chumbani kwako.

Jambo jingine ni kitanda. Tope la dimbwi ni laini, na hata ukitumia bakuli, unene usipungue sentimita 2. Wengi wetu pwani hatupati mboji ya Ulaya, tunatumia usumba wa nazi, na unafaa sana ukiandaliwa. Hapa pana mtego. Makumbi mengi hufukiwa ufukweni hadi yaoze ndipo yapigwe, na usumba wake una chumvi na harufu ya yai bovu. Nilipouliza, shangazi yangu anayesuka kamba alinijibu bila kuinua kichwa: “Huo wa pwani wa kamba, mwanangu. Samaki wako mtafutie makumbi makavu ya shambani.” Yachambue, yakate mafupi, yachemshe saa nzima, mwaga maji ya rangi ya kahawa, rudia mara tatu au nne. Usumba ambao haujachemshwa vya kutosha huelea, na samaki hawatagi kwenye kitu kinachoelea. Ndio huohuo pia unaoleta ukungu mfukoni na kugeuza mayai meupe kwa wingi. Ukiutoa tangini, kamua kwa mkono hadi usidondoke tone, lakini ukiubana tena kiganja kibaki na ubichi. Andika juu ya mfuko kwa kalamu ya wino usiofutika: spishi, mahali kizazi kilipotoka, tarehe.

Madume wanararuana

Dume mmoja kwa majike wawili au watatu. Ukitaka kuweka madume wengi, basi wawe sita na zaidi, hasira igawanyike, na weka vichaka vya nyuzi majike wajifiche. Madume wawili peke yao kwenye tangi dogo ni kumuua mmoja. Jike aliyechoka, mapezi yameraruka, mtoe akae peke yake wiki moja, ale.

Samaki wa miezi 10 amekonda, mgongo umepinda, rangi imefifia

Nimepokea ujumbe mwingi wa watu wanaotaka dawa ya hili. Ni uzee. Porini maisha yake ni miezi ya mvua tu. Nyumbani, notho wa Unguja huishi kama mwaka, wengine wakazidi kidogo. Ni kwa sababu hiyo maabara zinazochunguza uzee zinamfuga yeye na hasa N. furzeri, ambaye aina yake moja iliyotoka Gonarezhou, Zimbabwe, hufa uzee katika miezi mitatu hivi. Usimtie mzee kwenye dawa. Mpe maji safi, kimo kifupi asichoke kupanda, chakula laini. Nyuzi 22 humrefushia siku kuliko nyuzi 28. Na kabla hajafika hapo, hakikisha una mifuko miwili ya mayai yake kabatini, iliyotagwa akiwa na miezi miwili hadi minne, wakati mayai yana nguvu.

Dimbwi limejaa mvua, lakini samaki hawapo

Hili si la tangi, ila wanaoniletea ni wengi, hasa waliocheza utotoni kwenye shimo fulani na sasa wanapeleka watoto wao.

Uliza kwanza kama linakauka siku hizi. Shimo lililochimbwa zaidi ili maji yabaki mwaka mzima kwa umwagiliaji limefungwa mlango kwa notho: mayai yake yanataka ukavu, na maji ya kudumu yanaleta kambare na perege wanaomla. Ukikuta perege wanazaliana humo, jibu umelipata.

Likiwa linakauka bado, tazama sakafu. Kinamo cheusi kinachopasuka hushika unyevu chini kwa miezi, mayai hayaungui. Likimwagiwa kifusi au mchanga wa ujenzi, hata shimo likijaa maji mazuri namna gani, kitanda kimekwenda. Mchanga hukauka hadi chini.

Sakafu ikiwa nzima, subiri wiki ya tatu ya mvua. Vifaranga wa wiki ya kwanza huwaoni katika maji ya chai ya maziwa. Nenda asubuhi, tumia chandarua kidogo chenye kijiti, pitisha taratibu ukingoni penye majani yaliyofunikwa na maji. Ukipata hata majike peke yao, wa rangi ya vumbi, wapo. Madume huanza kupata rangi baadaye. Usikosee kwa huruma ukamwaga humo samaki wa tangini kwako au wa bonde jingine. Kila bonde lina kizazi chake, na huenda mayai yake yamepita mvua hii yakilala, yakingoja ya pili.